Safari ya Al-Bunduqiyya, Mji Usiopitwa na Gari

Miji iliyojengwa kando ya maji ni mingi, lakini iliyojengwa juu ya maji yenyewe ni michache mno. Mombasa ni kisiwa, na Lamu na Unguja ni visiwa. Hata hivyo mwenye kukaa huko hulala akijua kwamba chini ya nyumba yake pana mwamba au mchanga. Si hivyo Venezia, mji wa kale ulioko kaskazini mashariki ya Italia, katika pembe ya Bahari ya Adria. Mji huo umekaa katikati ya wangwa, yaani ziwa la maji ya chumvi lisilo kina, lililotengwa na bahari kuu kwa ulimi mrefu wa mchanga. Waliouasisi walishindilia magogo ya miti katika tope, maelfu kwa maelfu, wakatandika juu yake mawe meupe yasiyopenya maji, kisha ndipo wakajenga nyumba za matofali na majumba ya fahari. Gogo lililozama topeni pasipo hewa haliozi upesi. Ndiyo sababu daraja la Rialto, lililokamilika mwaka 1591, lingali limesimama juu ya magogo yake yapatayo 12,000.

Waarabu waliuita mji huu Al-Bunduqiyya, na hata leo katika magazeti yao ndivyo uandikwavyo. Mwenye kujua kidogo Kiarabu atacheka aonapo kwamba jina hilo, kwa herufi zake, ni lile lile la silaha ambayo sisi twaiita bunduki.

Makusudio yetu katika makala haya ni kumwongoza kijana mwenye hamu ya kusafiri, au mkuu wa nyumba pamoja na ahali zake, ajue namna ya kuufikia mji huo, namna ya kutembea humo, na mambo ya kutazama ambayo aghlabu viongozi wa watalii huyapita bila kuyataja. Tena tuna haja ya kusema neno juu ya adabu ya mgeni, kwani msiba wa Venezia leo ni wingi wa wageni. Mwaka 1951 wenyeji waliokaa katika mji wa kale walikuwa yapata 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Nyumba zimegeuzwa vyumba vya kukodisha, duka la muuza samaki likawa duka la vinyago vya plastiki, na vijana wa mji wakahamia bara kwa kukosa mahali pa kupanga. Na wengi katika hao wageni huingia asubuhi kwa makundi, hupiga picha mahali pawili, hununua kofia, nao jioni huondoka. Watu wa namna hii hawaufaidi mji, wala mji hauwafaidi.

Tuanze na njia ya kufika. Atokaye Afrika Mashariki hupitia kwa kawaida Istanbul, Doha, Dubai au Addis Ababa, na mwenye pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda hana budi kutafuta mapema viza ya Schengen. Uwanja wa ndege wa Venezia umepewa jina la Marco Polo, yule msafiri wa kale aliyekuwa mzaliwa wa huko, nao uko nchi kavu, mahali paitwapo Tessera. Hapo zipo njia mbili. Ya kwanza ni kupanda basi linalovuka daraja refu mpaka Piazzale Roma, ambapo ndipo mwisho wa kila kitu chenye magurudumu. Ya pili ni kupanda mashua ya abiria inayokata wangwa polepole, ikipitia visiwa, nayo huchukua zaidi ya saa nzima kufika San Marco. Ya pili ni ghali kuliko ya kwanza na ni ya taratibu. Lakini sisi twaipendelea hiyo ya pili, kwa sababu mji huu ulijengwa uingiliwe kwa bahari. Kabla ya mwaka 1846, lilipofunguliwa daraja la reli, hapakuwa na mtu aliyefika Venezia isipokuwa kwa chombo. Na barabara ya magari haikufika ila mwaka 1933.

Wengi hufika kwa treni, kwani kutoka Roma ni safari ya chini ya saa nne kwa treni ya mbio, na kutoka Milano ni kama saa mbili na nusu. Hapa yapasa msafiri awe macho. Ziko stesheni mbili zenye jina la Venezia: Venezia Mestre, iliyoko bara, na Venezia Santa Lucia, iliyoko kisiwani. Ashukaye Mestre kwa kukosa kujua hukuta magari, majumba ya ghorofa na taa za barabarani, akadhani ametapeliwa. Asubiri treni inayofuata. Ni kama dakika kumi tu kuvuka maji. Na huko Santa Lucia mambo ni mengine kabisa. Mtu hutoka katika mlango wa stesheni, hushuka ngazi chache, na hapo miguuni pake pana Mfereji Mkuu na mashua zinapita pande zote. Hakuna kiwanja cha teksi, hakuna honi.

Mizigo iwe michache. Madaraja ya mji yapita 400, na karibu yote ni ya ngazi, kupanda na kushuka. Sanduku la magurudumu linalovutwa kwa raha uwanjani huwa adhabu likifika daraja la tano, na mlio wake juu ya mawe usiku huwaamsha watoto wa watu. Wapo mahamali wenye vigari vya mkono mbele ya stesheni, lakini ujira wao si mdogo, na mtu apatane nao kabla hawajagusa sanduku. Mwenye mtoto wa kubebwa amchukue mgongoni au kifuani kuliko kumtia katika kigari. Na mwenye mzazi asiyeweza ngazi asikate tamaa: mashua za abiria huwapokea wenye viti vya magurudumu bila taabu, na sehemu kubwa ya mji yaweza kufikiwa kwa kushuka gati moja na kupanda nyingine.

Mfereji Mkuu ndio njia kuu ya mji. Urefu wake ni yapata kilomita 3.8, nao umejipinda mfano wa joka. Juu yake pana madaraja manne tu, na la mwisho lilifunguliwa mwaka 2008. Kwa hiyo mtu aweza kuiona nyumba anayoitaka ng'ambo ya pili, na asiifikie ila kwa kuzunguka nusu saa. Mashua za abiria huitwa vaporetto, nazo hufanya kazi ya mabasi. Ile yenye nambari 1 husimama karibu kila gati tangu stesheni mpaka San Marco na kuendelea hadi Lido, na hakuna namna bora ya kuutazama mji kuliko kuipanda alfajiri au usiku, isipojaa. Mwaka 2024 tikiti ya dakika 75 ilikuwa Yuro 9.50, bei iliyokusudiwa kwa wageni hasa, kwani mwenyeji mwenye kadi yake hulipa kidogo sana. Ndiyo maana mwenye kukaa siku mbili au tatu hununua tikiti ya siku zote hizo kwa pamoja. Kila mara kabla ya kupanda yampasa aigonganishe tikiti na mashine iliyoko gatini. Asiyefanya hivyo huhesabiwa kuwa hakulipa, ijapokuwa tikiti iko mfukoni, na faini yake yaumiza.

Ama gondola, ile mashua nyeusi nyembamba ambayo kila mtu ameiona katika picha, ni chombo cha ajabu kwa mwenye kupenda ufundi. Urefu wake wakaribia mita 11, hutengenezwa kwa aina nane za mti, na ubavu wake wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia. Hilo limefanywa kwa makusudi, kwa sababu mpiga kasia ni mmoja naye husimama nyuma akipiga upande mmoja tu; lau pande zote zingalikuwa sawa, chombo kingezunguka mahali pamoja. Weusi wake ni wa amri: zamani matajiri walishindana kuzipamba gondola kwa hariri na dhahabu, serikali ikakataza israfu hiyo, zikapakwa rangi moja zote. Tangu Novemba 2023 nauli iliyowekwa na mji ni Yuro 90 kwa nusu saa mchana na Yuro 110 usiku, si kwa kila mtu bali kwa mashua nzima, na watu wasizidi watano. Mwenye familia akitaka kufanya hivyo mara moja katika umri wake hatumlaumu. Lakini mwenye kuhurumia mfuko wake atafute kivuko kiitwacho traghetto. Hiyo ni gondola pana ya wapiga makasia wawili, inayovusha watu Mfereji Mkuu mahali palipo mbali na daraja. Mgeni hulipa Yuro 2, na safari ni dakika moja au mbili, akiwa pamoja na bibi wa mtaani aliyetoka sokoni na kikapu chake cha mboga.

Lakini mji hasa ni wa miguu. Mwenyeji wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Unguja hataona ajabu kwa vichochoro ambavyo mtu akinyoosha mikono hugusa kuta mbili. Kitakachomshangaza ni ukimya, kwani huko hakuna pikipiki wala punda, na hata baiskeli imekatazwa. Mgonjwa hupelekwa hospitali kwa mashua, taka huzolewa kwa mashua, matofali ya ujenzi huja kwa mashua, na maiti huvushwa kwa mashua kwenda kisiwa cha makaburi cha San Michele. Njia nazo zina majina yao: calle ni kichochoro, fondamenta ni njia inayofuata ukingo wa mfereji, campo ni kiwanja, na rio terà ni mfereji uliofukiwa ukawa njia. Mji umegawanywa mitaa sita, na nyumba huhesabiwa kwa mtaa mzima wala si kwa njia, hata nambari zikapita elfu kadha. Kwa hiyo anwani iliyoandikwa jina la mtaa na nambari 4,000 na kitu haimsaidii mtu kitu. Amwulize mwenye nyumba jina la kichochoro na jina la gati iliyo karibu. Juu ya kuta pana vibao vya manjano vinavyoonyesha upande wa Rialto, wa San Marco na wa stesheni. Wakati mwingine vibao viwili vya mahali pamoja huelekeza pande mbili mbalimbali, na vyote viwili ni kweli.

Atapotea kila mgeni, na wala si balaa. Kisiwa ni kidogo. Mtu akitembea nusu saa hutokea majini. Twasema hata kwamba asiyepotea hakufika. Ila ashike adabu za njia: atembee upande wa kulia, asisimame katikati ya daraja kupiga picha huku watu wa kazi wamekwama nyuma yake, asiketi juu ya ngazi za kanisa akila, asiwalishe njiwa wa San Marco, jambo lililokatazwa tangu 2008, wala vijana wasithubutu kuoga katika mifereji. Yote hayo yana faini. Mwaka 2024 mji uliweka pia sharti kwamba kundi la watalii lisizidi watu 25 na kiongozi wao asitumie kipaza sauti.

Katika kila kiwanja msafiri ataona jiwe la duara lililochongwa, mfano wa kinu kikubwa, limefunikwa kwa bamba la chuma. Hivyo ni visima, na si visima vya chemchemi. Watu hawa walizungukwa na maji wasiyoweza kuyanywa, kama tulivyo sisi wa pwani. Basi chini ya kiwanja kizima walichimba birika, wakalijaza mchanga, na mvua ikaanguka juu ya sakafu ya mawe ikapenya, ikachujika, ikakusanyika katika kisima cha kati. Mabomba ya maji kutoka bara hayakufika mpaka mwaka 1884. Leo karibu na visima hivyo pana mabomba ya bure yanayotiririka maji safi ya kunywa, na msafiri mwenye chupa yake hana haja ya kununua maji hata mara moja.

Sasa tuje kwenye mambo yanayotuhusu Waislamu kwa karibu zaidi. Kwa karne nyingi tajiri wa Venezia alikuwa mfanya biashara na Misri, Sham na Istanbul, na biashara hiyo imeacha alama hata katika ulimi wake. Karakana ya kuundia marikebu huitwa Arsenale, nalo ni neno la Kiarabu, dar as-sina'a, nyumba ya kazi za mikono, asili moja na neno letu sanaa. Nyumba ya kupigia sarafu iliitwa zecca, kutoka sikka. Na nyumba ya wafanya biashara wa kigeni iliitwa fondaco, nalo ni funduq lile lile.

Fondaco moja ndiyo tungependa kila Mwislamu aione. Ipo ukingoni mwa Mfereji Mkuu, karibu na gati ya San Stae, nyumba nyeupe yenye matao safu mbili: Fondaco dei Turchi, Nyumba ya Waturuki. Ilijengwa karne ya 13 na tajiri mmoja kwa makao yake, na mwaka 1621 serikali ya Venezia ikaitenga iwe ya wafanya biashara Waislamu wa dola ya Uthmaniya. Humo walikuwa na vyumba vya kulala, maghala ya bidhaa zao za nta, sufu na ngozi, hamamu, na mahali pa kuswalia. Watu wa Bosnia na Albania waliwekwa upande mmoja, na watu wa Istanbul na Asia upande mwingine. Kukaa kwao kulikuwa kwa masharti mazito: milango ilifungwa usiku na kulindwa na Wakristo, silaha na baruti hazikuruhusiwa, wala mwanamke hakuruhusiwa kuingia. Mayahudi nao tangu 1516 walikuwa wamefungiwa usiku katika mtaa wao wa Ghetto, ambao mtu aweza kuutembelea mpaka leo.

Msomaji apime mwenyewe. Mwaka 1571 Venezia na washirika wake walikuwa wamepigana na jeshi la Uthmaniya katika vita vya bahari vya Lepanto, na baadaye, tangu 1645 mpaka 1669, walipigania kisiwa cha Krete. Katika miaka hiyo hiyo ya uadui, Mwislamu alikuwa na mahali panapojulikana katika mji huo pa kutawadha na kuinamisha kipaji chake. Nyumba ile ilibaki mikononi mwa Waturuki hata mwaka 1838. Kisha ikakarabatiwa kwa namna iliyofuta mengi ya zamani, na leo ni jumba la makumbusho la viumbe na mawe.

Na leo? Katika mji wa kale hakuna msikiti uliojengwa. Mwaka 2015, wakati wa maonyesho ya sanaa ya Biennale, msanii Christoph Büchel, aliyeiwakilisha Iceland, aligeuza kanisa la Santa Maria della Misericordia, lililokuwa halitumiki tena kwa ibada, likawa na sura ya msikiti, lenye mihrabu na mazulia. Waislamu wa mkoa ule wakaja, wakaswali. Lilifunguliwa tarehe 8 Mei, na tarehe 22 Mei wakuu wa mji wakalifunga kwa hoja za usalama na vibali. Waislamu wa huko, ambao wengi wao ni Wabangladeshi wanaofanya kazi katika mahoteli na katika viwanda vya meli, hukaa bara, pande za Mestre na Marghera, na huko ndiko ziliko sehemu za swala na maduka ya nyama ya halali. Msafiri ataswali chumbani mwake, akikumbuka ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya. Kibla kutoka huko ni upande wa kusini mashariki.

Kwa chakula pana samaki, wali, mboga na tambi, na mtu haoni njaa. Hata hivyo aulize, kwani mvinyo hutiwa katika vyungu vingi, hata vya wali na samaki, na vile vijiduka vya vitafunio viitwavyo bacari ni vilabu vya pombe kwa asili yake. Dagaa wakubwa wa siki, vitunguu na zabibu kavu ni chakula cha mji huo tangu zamani, na mpwani akikionja atahisi kwamba kimewahi kupita Mashariki. Kahawa nayo ilitoka kwetu Waislamu. Mkahawa wa Florian, chini ya matao ya San Marco, ulifunguliwa mwaka 1720 na ungali wazi, lakini anayeketi hapo hulipia kiti na muziki kabla ya kahawa. Katika mikahawa ya vichochoroni anywaye akiwa amesimama hulipa sehemu ndogo tu ya bei ya mwenye kukaa.

Wapo watakaouliza juu ya San Marco. Aende, lakini mapema, na amevaa mavazi ya heshima, jambo ambalo kwa familia za Kiislamu si mzigo. Inasimuliwa kwamba mwaka 828 wafanya biashara wawili wa Venezia waliiba mwili wa Mtakatifu Marko huko Iskandaria, wakaufunika kwa nyama ya nguruwe ili watu wa forodha, ambao walikuwa Waislamu, wageuze nyuso zao wasiupekue. Kisa hicho hawakifichi. Wamekichora kwa vijiwe vya rangi ndani ya kanisa lao. Katika hazina ya kanisa hilo hilo limo birika la bilauri lililochongwa Misri zama za Fatimiya, na juu yake limeandikwa kwa Kiarabu jina la Khalifa Al-Aziz Billahi, aliyetawala tangu 975 mpaka 996. Sisi twaona birika hilo peke yake latosha nauli.

Katika mji huu pia ndipo ilipopigwa chapa Kurani nzima kwa mara ya kwanza kwa herufi za Kiarabu, yapata mwaka 1537 na 1538, na mpiga chapa Paganino Paganini pamoja na mwanawe Alessandro, kwa tamaa ya kuiuza Mashariki. Herufi zilikosewa mahali pengi, na biashara ikafa. Kwa karne nyingi watu walidhani nakala zote zimepotea, mpaka mwaka 1987 mtafiti Angela Nuovo alipoikuta moja katika maktaba ya watawa wa Kifransiska kisiwani San Michele.

Kutoka gati za Fondamente Nove mashua huvuka kwenda Murano, kisiwa cha mafundi wa vioo. Walihamishiwa huko mwaka 1291 kwa kuogopa moto wa tanuri zao. Mwaka 1569 Waziri Mkuu wa Uthmaniya, Sokollu Mehmed Pasha, aliagiza Venezia taa 900 za kioo za kutundikwa misikitini. Na hapa tunaguswa sisi wenyewe: sehemu kubwa ya ushanga uliobebwa na misafara kutoka Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19 ulikuwa umetengenezwa Venezia. Dada mwenye kununua ushanga huko leo aangalie, kwani maduka mengi huuza vioo vilivyotoka nchi za mbali kwa jina la Murano. Aulize kwenye karakana yenyewe.

Kuhusu majira, Julai na Agosti ni joto na msongamano, na Februari huwa na sherehe za vinyago. Januari ni tulivu, ingawa baridi yake huingia mifupani. Tangu Oktoba mpaka Desemba ndiyo miezi ya bamvua kubwa, ambapo upepo wa kusini huyasukuma maji ya bahari yakapanda viwanjani. Tarehe 4 Novemba 1966 yalifika sentimita 194 juu ya kipimo cha mji, na tarehe 12 Novemba 2019 yalifika 187. Tangu tarehe 3 Oktoba 2020 milango ya chuma 78, iliyolazwa chini ya maji katika milango mitatu ya wangwa, huinuliwa bamvua ikikaribia, na mji umeokoka mara nyingi. Lakini San Marco ni chini sana, na mgeni asishangae kuona meza ndefu za kupitia juu yake zimepangwa tayari.

Ama malazi, Mestre ni nafuu, na mwenye watoto wengi hatuwezi kumwambia avunje akiba yake. Lakini akiweza hata usiku mmoja alale mjini. Saa mbili usiku makundi yakishaondoka, wenyeji hutoka na watoto wao viwanjani, na hapo ndipo mtu huona kwamba mji ungali hai. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 25 Aprili, palitozwa ada ya Yuro 5 kwa mgeni wa kutwa katika siku 29 zilizochaguliwa; mwaka 2025 siku zikawa 54, na aliyechelewa kulipa alitozwa Yuro 10. Mwenye kulala katika eneo la mji, Mestre ikiwa ndani yake, alisamehewa kwa kuwa hulipa kodi ya malazi, ila ilimpasa ajiandikishe mapema. Na watoto chini ya miaka 14 hawakutozwa. Msafiri aulizie siku za mwaka wake kabla ya kuondoka.

Na siku ya mwisho asirudi San Marco. Afuate ukingo wa maji kuelekea mashariki, aipite Arsenale, avuke daraja refu mpaka kisiwa kidogo cha San Pietro di Castello. Kanisa lake ndilo lililokuwa kanisa kuu la mji mpaka mwaka 1807. Mbele yake pana kiwanja chenye majani na miti, na mnara mweupe ulioinama kidogo. Nguo za watu zimeanikwa kamba kwa kamba juu ya njia. Ndani ya kanisa, upande wa kulia, pana kiti cha mawe ambacho wenyewe husema kilikaliwa na Mtakatifu Petro huko Antiokia. Maegemeo ya kiti hicho ni jiwe la kaburi la Mwislamu, na juu yake zimechongwa kwa hati ya Kufi aya za Kurani tukufu. Wengi hupita wakaona nakshi tu. Anayejua kusoma hati ile asimame hapo kidogo. Gati ya mashua ya kurudia iko hatua chache kutoka mlangoni.